Hivi kwanini Mtanzania akiwa wa pili kwenye mashindano ya nje, redio zetu haziwataji waliomshinda?

#1 Kijana wa Nkuhungu
Wakuu habari za jioni.

Kuna jambo linanikera kitambo. Ile Boston Marathon ya Aprili 2025 nilikuwa nanyolewa hapa Nkuhungu, redio ikaingia kwenye michezo: Alphonce Simbu ameipeperusha vyema bendera ya taifa, kamaliza wa pili kwa saa 2:05:04. Kinyozi akazima mashine kabisa ili tusikie vizuri. Tukasubiri tuambiwe nani kashinda. Wapi! Ikaingia Simba na Yanga mpaka taarifa ikaisha.

Mshindi nilikuja kumjua kwa kuperuzi kwenye simu. John Korir wa Kenya, 2:04:45. Tena jamaa alianguka palepale mwanzoni, namba yake ikamtoka kifuani, akainuka, akawafukuza wenzake na akashinda. Habari tamu kiasi hicho tumenyimwa kwa sababu tu si wa kwetu?

Swali: huu ni ugonjwa wa vyombo vyetu au dunia nzima ndo walivyo? Na chanzo ni nini?

#2 Zabibu Chungu
Wa kwanza alikuwa Mkenya. Umeshajijibu, funga uzi.

#3 Boda Sabasaba
Hahahaa Zabibu wewe una dhambi.

#4 Mtumishi Mtumba
Mkuu, dunia nzima. Kuna kisa cha enzi za vita baridi: Mrusi na Mmarekani walishindana mbio, wawili tu uwanjani. Mmarekani akashinda. Kesho yake gazeti la Pravda likaandika kwamba mwanariadha wa Kisovieti kashika nafasi ya pili, na Mmarekani kawa wa pili kutoka mwisho.

Hakuna neno la uongo hapo. Tafakari.

#5 Kibaigwa Gunia
Mie nilisimuliwa kwamba waliokimbia ni Kennedy na Khrushchev wenyewe.

#6 Boda Sabasaba
Sisi tulisimuliwa yalikuwa magari.

#7 Mwalimu Hesabu
Mtumishi, hilo gazeti la Pravda ni la tarehe ngapi? Kisa chenye matoleo matatu kwenye komenti tatu ni utani wa kijiweni.

Lakini kuna tukio la kweli ambalo ni tamu kuliko huo utani. Julai 1958, Uwanja wa Lenin, Moscow, timu za riadha za Marekani na Usovieti zilikutana kwa mara ya kwanza ana kwa ana. Wanaume: Marekani pointi 126, Usovieti 109. Wanawake: Usovieti 63, Marekani 44. Wamarekani wakahesabu hayo ni mashindano mawili, wao wameshinda ya wanaume, ya wanawake tuyaache. Warusi wakajumlisha: 172 kwa 170, Usovieti imeshinda. Chukua kalamu ujumlishe mwenyewe uone.

Wote wawili walirudi nyumbani washindi.

#8 Mtumishi Mtumba
Sasa Mwalimu, si ndo nilichosema? Wewe umeongeza tarehe tu.

#9 Mwalimu Hesabu
Hapana, hukusema hivyo. Kwenye kisa chako mwenye ujanja ni mmoja. Kwenye tukio lenyewe walikuwa wawili.

Na haukuisha. Beijing 2008, China ilimaliza na dhahabu 51, Marekani 36. Kwa utaratibu tuliouzoea, dhahabu ndiyo inayoanza, China wa kwanza. Vyombo vingi vya Marekani vikapanga jedwali kwa jumla ya medali: Marekani 110, China 100. (Hizo ni hesabu za siku ile, baadaye zilibadilika watu walipopokonywa kwa ajili ya dawa.) Paris 2024 wakafungana dhahabu 40 kwa 40, Marekani wakawa juu kwa medali za fedha, na kwa jumla pia wakawa juu. Mwaka huo hukusikia ubishi wa jedwali lipi ni halali.

#10 Zabibu Chungu
Sisi jedwali letu tupange kwa idadi ya viongozi waliosafiri na timu. Dhahabu kila michezo.

#11 Kalamu Kavu
Nimesoma nikicheka. Nilikaa meza ya michezo ya gazeti moja pale Dar miaka mingi kabla sijarudi Hombolo kwenye zabibu zangu. Niwaambie kinachotokea jikoni.

Wengi mnadhani kuna kikao kinakaa kuamua kumficha Mkenya. Hakuna. Habari inaingia kutoka mashirika ya nje, Reuters au AFP. Wao wanaandikia dunia, kwa hiyo wanaanza na mshindi, na Mtanzania yuko aya ya sita, kama yupo. Kijana wa zamu kazi yake ni kumtoa huyo Mtanzania aya ya sita ampeleke juu. Anampeleka. Halafu anapiga simu kwa kiongozi wa riadha apate pongezi, anaongeza aya mbili. Halafu anakumbushia medali za nyuma, aya nyingine. Sasa habari imekuwa ndefu na nafasi aliyopewa ni robo ukurasa, kwa sababu kurasa zilizobaki ni za Simba, Yanga na Ligi Kuu ya Uingereza. Mpanga kurasa akikata, anakata kutoka chini. Nani yuko chini? Mkenya wenu.

Redioni ndo kabisa. Habari nzima ya riadha ni pumzi mbili.

La pili ambalo watu wa Dodoma mnapaswa kulijua: toleo la mikoani. Gazeti la kuja huku, Singida mpaka Tabora, linafungwa jioni mapema ili lipakiwe. Mechi ya usiku wa manane inalikuta liko barabarani linapita Morogoro. Fainali ya Yanga ya Kombe la Shirikisho Afrika kule Algiers, Juni 3, 2023, ilipigwa usiku. Msomaji wa Kariakoo kesho yake ana matokeo, wewe wa Majengo unasoma kwamba kikosi kimeahidi ushindi. Kwa hiyo mengine mnayoita kuficha ni lori tu.

#12 Kibaigwa Gunia
Siku hizi kuna SGR, magazeti yapande mwendokasi nayo.

#13 Mnyama wa Kisasa
Kalamu umegusa kidonda. Fainali ipi hiyo? Ile ambayo Yanga, Utopolo wenyewe, mpaka leo wanasema hawakufungwa?

#14 Wananchi Daima
Kolo wa Simba, njoo na hesabu siyo kelele. Dar tulipigwa 2-1. Algiers tukashinda 1-0, kwao, mbele ya mashabiki wao. Jumla 2-2. USM Alger wakabeba kwa goli la ugenini. Nionyeshe mechi ya marudiano tuliyofungwa.

#15 Mnyama wa Kisasa
Nionyeshe kombe.

#16 Wananchi Daima
Nionyeshe lenu. Liko Berkane. 2-0 kule Morocco, mkaja Amaan Zanzibar mkatoka 1-1, Mei 2025. Na lile la 1993 liko Abidjan, mlitoka 0-0 ugenini halafu Stella wakaja kuwapiga 2-0 hapahapa Dar. Bora sisi tulishinda mechi ya mwisho.

#17 Kijana wa Nkuhungu
Jamani uzi unahama.

#18 Mwalimu Hesabu
Haujahama, hapo ndipo penyewe. Siku zile nilisikiliza stesheni mbili. Moja ilianza na "Yanga yaifunga USM Alger nyumbani kwake", bingwa akatajwa mwishoni kwa sauti ya msiba. Nyingine, ambayo watangazaji wake tunawajua rangi zao, ilianza na bingwa, na ile 1-0 ikapita haraka. Wote walisema kweli. Kwa hiyo hoja kwamba vyombo vinabeba "taifa" sikubaliani nayo sana. Hata humuhumu ndani, timu ya Mtanzania mwenzako ikicheza nje, kuna studio inaomba ifungwe.

#19 Wananchi Daima
Na lile goli la Aziz Ki Pretoria mnalisemeaje? Aprili 5, 2024, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na Mamelodi Sundowns. Mpira umegonga mwamba ukadondokea ndani, VAR wakatazama, wakasema siyo goli. 0-0, tukatolewa kwa penati 3-2. Huku kwetu lilirudiwa kwenye luninga mpaka watoto wanajua kulichora. Ndugu yangu anaishi Pretoria, alisema kule habari ilikuwa kipa wao kadaka penati. Goli lenyewe dakika moja, basi.

#20 Mnyama wa Kisasa
Hilo lilikuwa goli. Nasema mara moja tu, msiniulize tena.

#21 Wananchi Daima
Nimepiga picha hii komenti.

#22 Mnyaturu Asilia
Naomba niwarudishe kwenye riadha maana watu wa Dodoma mnapenda kusahau nani ana dhahabu.

Septemba 15, 2025, Tokyo, mashindano ya dunia ya riadha. Simbu, mtoto wa Singida, kashinda marathoni kwa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros naye 2:09:48. Sawasawa! Ikabidi picha ya mstari iamue: tofauti sekunde 0.03. Mjerumani alijirusha mpaka akaanguka. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano hayo yaanze 1983.

Mimi huku nililala, kule ilikuwa asubuhi na kwetu usiku wa manane. Nilipoamka nikajua nchi nzima itakuwa barabarani. Wapi. Mjue kesho yake, tarehe 16, ilikuwa nini? Ngao ya Jamii. Simba na Yanga. Siku ile ya dhahabu vipindi vya michezo vilikuwa vinajadili nani ataanza kiungo cha chini. Bingwa wa dunia akapewa salamu za pongezi, akasubirishwa pembeni.

Kwa hiyo kwangu jibu la mtoa mada ni rahisi: siyo kwamba wanamficha Mkenya. Hata Mtanzania wanamficha.

#23 Zabibu Chungu
Mnyaturu, hongereni. Sasa mtatuuzia na mafuta ya alizeti kwa bei ya bingwa wa dunia.

#24 Mnyama wa Kisasa
Ile Ngao naomba isitajwe humu.

#25 Wananchi Daima
Pacome. 1-0. Endeleeni.

#26 Kalamu Kavu
Mnyaturu, nakubali nusu. Siku ile ilikuwa mbaya kweli, ila ujue gazeti linauzwa. Picha ya Simbu mbele siku ya kuelekea mechi ya watani, marejesho, yaani magazeti yasiyouzwa, yanarudi mafungu kwa mafungu. Nimeona wahariri wakijaribu kwa moyo mweupe, wakaitwa na watu wa mauzo. Msomaji naye ana kesi ya kujibu.

Jambo jingine: Wajerumani nao jiulizeni walisomaje. Kwao Petros ndiye habari: aliyekosa dhahabu kwa unywele. Na Petros mwenyewe ni mzaliwa wa Eritrea. Siku ya medali ni Mjerumani safi, hakuna anayeuliza.

#27 Mtumishi Mtumba
Kama yule Mkenya aliyehamia Qatar, Stephen Cherono. Akaitwa Saif Saaeed Shaheen, akachukua dhahabu ya dunia ya kuruka viunzi na maji Paris 2003, akimwacha Mkenya halisi Ezekiel Kemboi. Kuna jamaa alikuwa anasoma Nairobi wakati huo, anasema wenyewe hawakujua washangilie au wanune.

#28 Babu Transista
Wajukuu, hamjambo. Nawasoma toka asubuhi niko hapa Kondoa na simu ya mwanangu.

Enzi zetu redio ya bara ilikuwa moja, RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam. Ukitaka kulinganisha maneno, usubiri usiku ukamate BBC au Sauti ya Ujerumani kwenye masafa mafupi, na betri uwe umezianika juani mchana kutwa. Kwa hiyo tuliyoambiwa ndiyo tuliyoyajua. Mtangazaji akisema shuti kali limepita sentimita chache juu ya mwamba, wewe uko Kondoa utambishia kwa lipi? Kuna mechi tulifungwa, lakini kwa masikio yetu tulishambulia dakika zote tisini.

Ila nitawasahihisha kidogo. Siyo kweli kwamba jina la mpinzani halikutajwa. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, Februari 1974, michezo ya Jumuiya ya Madola, 3:32.2, tuliambiwa jina la wa pili mpaka tukalikariri: John Walker, mwenyeji, wa New Zealand. Watoto waliokuwa wanakimbizana njiani, mmoja Bayi, mwingine Walker, na hakuna aliyetaka kuwa Walker. Walker mwenyewe siku ile alikimbia chini ya rekodi ya zamani, ndo maana kumshinda kulinoga.

Mpinzani anatajwa sana anapokuwa nyuma yetu. Akiwa mbele, ndipo sauti ya mtangazaji inakauka.

#29 Binti Makole
Babu shikamoo. Hiyo ya mwisho umeimaliza.

#30 Babu Transista
Marahaba mwanangu.

#31 Zabibu Chungu
Mzee shikamoo. Na mtaje basi na mtu wetu wa Dodoma, Juma Ikangaa, aliyechukua Boston mara tatu mfululizo. Singida watulie.

#32 Mwalimu Hesabu
Zabibu, Ikangaa hajawahi kushinda Boston. Alikuwa wa pili mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ya 1988 alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. 1989 akashinda Abebe Mekonnen wa Ethiopia, 1990 Gelindo Bordin wa Italia. Alichoshinda ni New York, Novemba 1989, kwa 2:08:01, ikawa rekodi ya njia ile.

#33 Zabibu Chungu
Wa pili mara tatu ni sawa na wa kwanza mara moja na nusu. Nimejumlisha Kirusi.

#34 Kijana wa Nkuhungu
Mwalimu, lakini ona hapo. Zabibu ni mtu mzima, amekua Dodoma, na kichwani mwake Ikangaa alishinda Boston. Nani alimwambia? Si redio hizihizi, "Ikangaa ang'ara Boston" mwaka baada ya mwaka, na wa kwanza hatajwi? Ukikua unaunganisha mwenyewe.

#35 Kalamu Kavu
Au ni baba yake alimsimulia baada ya pombe ya mtama. Msitubebeshe kila kitu waandishi.

#36 Zabibu Chungu
Baba yangu ni mlokole.

#37 Binti Makole
Naomba kuongea, maana mmepita wote humu mkitaja wanaume tu kana kwamba Tanzania haina wanawake wanaokimbia.

Berlin Marathon, Septemba 2023. Magdalena Shauri kawa wa tatu, 2:18:41, rekodi ya taifa kwa wanawake. Siku hiyohiyo Tigist Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia kwa 2:11:53. Yaani Mtanzania alikuwa kwenye jukwaa moja na mtu aliyeandika historia ya dunia. Ukimtaja aliyeshinda, unamkuza Shauri! Kuwa wa tatu nyuma ya rekodi ya dunia siyo sawa na kuwa wa tatu kwenye mbio za mwenge. Lakini mimi nilisikia "wa tatu Berlin", nukta. Kwa hiyo kumficha mshindi hata kizalendo ni kujipunja.

La pili, Serengeti Girls. Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, India 2022. Japan walitupiga 4-0, tukawafunga Ufaransa 2-1, tukatoka 1-1 na Canada, tukafika robo fainali, Colombia wakatutoa 3-0. Robo fainali ya Kombe la Dunia! Ulizeni vijiweni leo nani alifunga siku ya Ufaransa. Halafu waulize magoli ya Taifa Stars yaliyofungwa kwenye sare.

Nadhani taifa kwenye habari za michezo lina jinsia, ila hilo wahariri hawatalisema.

#38 Kibaigwa Gunia
Dada umeongea pointi tupu. Ila mbio za mwenge umezionea.

#39 Kalamu Kavu
Binti, sina cha kujitetea hapo. Naongeza tu kwamba meza niliyokaa mimi ilikuwa ya wanaume watupu, na mechi ya wasichana ilikuwa inapewa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

#40 Boda Sabasaba
Mnahangaika na redio na magazeti, mko mwaka gani? Sisi kijiweni matokeo tunayajua kabla mtangazaji hajavaa hedifoni. Mkeka ndo mwalimu. Ukiweka hela yako kwa Algeria, utajua Algeria kafunga dakika ya ngapi na kona ngapi, uzalendo pembeni. Kuna jamaa hapa siku ya Stars aliwekea wapinzani, goli lilipoingia upande wetu akawa anashangilia huku analia.

#41 Mwalimu Hesabu
Boda, mkeka unakupa namba, haukupi maana. Algeria 7, Tanzania 0, Novemba 17, 2015, kufuzu Kombe la Dunia. Namba ni hiyo. Lakini siku tatu kabla tulitoka nao 2-2 Dar tukiwa tumeongoza 2-0. Ukikaa kijiweni ukauliza juu ya Algeria 2015, kuna wanaoanza na 2-2 na kuna wanaoanza na saba. Huo uchaguzi simu haikufanyii.

#42 Boda Sabasaba
Mimi naanza na saba. Niliwekea zaidi ya magoli matatu.

#43 Mtumishi Mtumba
Mnasahau mkono wa siasa. Tangu lianze "Goli la Mama", zile fedha za Rais kwa kila goli, kila matokeo yana mwenyewe. Ukitaka mfano ni AFCON 2025 kule Morocco. Tulifungwa na Nigeria 2-1, tukatoka 1-1 na Uganda, 1-1 na Tunisia. Pointi mbili. Tukavuka kama moja ya timu za tatu bora, historia imeandikwa, hatujawahi kuvuka makundi. Kweli kabisa, hatukuwahi: 1980 Lagos, 2019 Misri, ile ya Ivory Coast Januari 2024, zote tuliishia makundi. Lakini sentensi ya pili niliitafuta kwenye vyombo vingi kwa tochi: kwamba hatujashinda hata mechi moja kwenye fainali hizo, toka 1980. Tulivuka kwa sare.

#44 Kibaigwa Gunia
Kwani sare siyo matokeo? Tulivuka. Angola walikuwa na pointi mbili pia, sisi tukawazidi magoli ya kufunga. Kanuni ndizo zilizotuvusha. Ulitaka mtangazaji aanze na lawama watu wako na vuvuzela?

Na 16 bora, wenyeji Morocco, 1-0, dakika za mwisho tukanyimwa penati. Hapo hata mimi nasema tulikufa kiume.

#45 Zabibu Chungu
Toka nazaliwa tunakufa kiume. Kuna siku tuishi hata kike.

#46 Binti Makole
Zabibu, Serengeti Girls waliishi kike wakafika robo fainali. Rudi #37.

#47 Mnyaturu Asilia
Mtumishi, sidhani kama ni siasa. Riadha haina Goli la Mama na bado inapakwa rangi ileile. Simbu London 2017 alipata shaba ya dunia, 2:09:51, sekunde mbili nyuma ya Mwethiopia wa fedha, Tamirat Tola. Hakuna aliyetuambia hizo sekunde mbili wala huyo Tola, na hakukuwa na mwanasiasa wa kufaidika. Ni uvivu.

#48 Kalamu Kavu
Uvivu ni neno la mtu ambaye hajawahi kuomba posho ya safari. Hakuna mwandishi anayetumwa Boston. Mwandishi wetu yuko Dar anatazama kinachotiririka kwenye skrini kama ninyi. Ukimtuma mtu akakaa na Korir chumba cha mahojiano, atarudi na Korir kwenye daftari. Usipomtuma, utapata pongezi za chama.

#49 Mwalimu Hesabu
Lakini Kalamu, kwenye mpira tunatuma. Ndege za mashabiki na waandishi zilijaa Algiers na Pretoria, na habari ikatoka na rangi vilevile. Pesa haielezi yote.

#50 Kalamu Kavu
Haielezi yote. Inaeleza riadha.

#51 Babu Transista
Mimi nina mfano unaowavuruga wote. John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mexico 1968, marathoni, alianguka akaumia goti, akamaliza wa mwisho, wa 57 kati ya waliofika, mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia ameshamaliza zaidi ya saa moja kabla yake. Walioanza walikuwa 75. Alipoulizwa kwanini hakuacha, akasema nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio bali kuzimaliza.

Huko ndiko kuwa wa mwisho kukageuka kuwa ushindi mkubwa kuliko medali. Na aliyefanya hivyo siyo RTD wala gazeti la kwetu. Ni Mmarekani, Bud Greenspan, aliyekuwa anatengeneza filamu za Olimpiki. Sisi nishani ya taifa tulimpa 1983. Kwa hiyo kuna wakati mgeni ndiye anayetupamba, sisi tunafuata.

#52 Mtumishi Mtumba
Mzee, Mmarekani alimpamba kwa sababu hakuwa tishio. Angemshinda Mmarekani tungeona.

#53 Mwalimu Hesabu
Mtumishi wewe kila kitu unakiona Washington.

#54 Mtumishi Mtumba
Kwa sababu kipo Washington. Olimpiki ya Moscow 1980: Rais Carter wa Marekani anataka dunia isusie, anamtuma Muhammad Ali Afrika, anatua Dar, Nyerere anakataa hata kuonana naye. Sisi tukaenda. Bayi fedha, mita 3000 kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui fedha, mita 5000. Mpaka leo ndizo medali zetu pekee za Olimpiki. Halafu unasikia mtu anasema zile zilikuwa Olimpiki za nusu, wakubwa hawakuwepo.

#55 Mnyama wa Kisasa
Kwani Wakenya walikuwepo? Walisusa. Kwenye viunzi na maji bila Mkenya, na mimi ningepata shaba.

#56 Babu Transista
Mjukuu, wewe hata lile bwawa la maji hulivuki. Bayi aliwaongoza mpaka mzunguko wa mwisho, ndipo Mpolandi Malinowski akampita. Na Malinowski alikuwa na fedha ya Montreal 1976, siyo mtu wa kuokotwa. Nyambui kashindwa na Miruts Yifter, Mwethiopia, aliyechukua na mita 10,000. Hao ndio wakubwa.

Kama kususa kunapunguza medali, basi dhahabu ya Walker Montreal mita 1500 nayo ipunguzwe, maana tulisusa sisi na Bayi hakuwepo.

#57 Mwalimu Hesabu
Na New Zealand ndiyo ilikuwa sababu ya kususa, timu yao ya raga ilikuwa imekwenda Afrika Kusini ya makaburu. Sijui kama huko kwao Walker akitajwa hilo linatajwa.

#58 Wananchi Daima
Mzee Babu ni Yanga huyu, hoja zimepangika.

#59 Babu Transista
Mimi ni Mseto ya Morogoro. Waliobaki tunajuana.

#60 Mnyaturu Asilia
Tuache historia kidogo. Nina wazo: tuanzishe ukurasa wa matokeo ya riadha tu. Kumi bora wote, majina, nchi, muda, wanaume na wanawake, mtoto wa nyumbani awe wa ngapi asiwe wa ngapi. Nani yuko tayari kuamka usiku?

#61 Binti Makole
Mimi upande wa wanawake niandikie.

#62 Kalamu Kavu
Nitahariri bure. Sikati kutoka chini.

#63 Boda Sabasaba
Bando nani ananunua?

#64 Zabibu Chungu
Mnyaturu ana dhahabu, anunue yeye.

#65 Kijana wa Nkuhungu
Marathoni kubwa inayofuata itaonyeshwa king'amuzi gani? Cha kwangu nina kifurushi cha ligi ya ndani tu.

#66 Kibaigwa Gunia
Ngoja waje wanaojua.